Yule wa Msituni Hatajwi: Kisa cha Watoto wa Oli na Hadithi ya Okestra

Jumamosi ya kwanza walikuja watoto 34. Ya pili wakaja 19. Nimeamua kukisimulia kisa hiki kuanzia kwa wale 15 ambao hawakurudi, kwa sababu ndio walionifungua macho, na kwa sababu walimu na wazazi kadhaa wameniuliza mtu aanzie wapi kuwasikilizisha watoto muziki wa okestra mahali ambapo okestra yenyewe haipo.

Chumba chetu cha kusomea kiko Oli, mjini Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Kina kuta za tofali, paa la bati, mabenchi sita na makabati mawili ya vitabu. Mitaa ya hapa ina majina kama Tanganyika, Kenya na Pangisa. Kiswahili kilifika na askari na wachuuzi, kikakuta Kilugbara na Kialuri, kikaketi jirani na Kinubi, na kila siku ya soko kinakutana na Lingala inayovuka mpaka kutoka Ariwara, upande wa Kongo. Mtoto wa Oli anaweza kuomba maji kwa Kinubi, kugombana kwa Kiswahili, halafu shuleni akajibu kwa Kiingereza. Naomba msomaji alishike hilo la kugombana kwa Kiswahili. Litarudi.

Kampala kuna okestra ya simfoni na shule za muziki. Kutoka kwetu hadi huko ni karibu kilomita 500. Mimi nilikuwa na simu, spika ndogo ya kuchaji, na rekodi moja.

Kazi niliyoichagua

Nilichagua Peter na Mbwa Mwitu ya Mrusi Sergei Prokofiev. Aliitunga mwaka 1936 kwa ombi la Natalia Sats, aliyekuwa akiongoza jumba la maigizo ya watoto mjini Moscow, na ikapigwa hadharani kwa mara ya kwanza Mei mwaka huohuo. Inachukua kama dakika 25. Msimulizi husema kidogo, okestra hupokea, na kila mhusika ana chombo chake. Ndege ni filimbi. Bata ni obo. Paka ni klarineti ikipigwa kwenye sauti zake za chini. Babu ni fagoti. Mbwa mwitu ni honi tatu kwa pamoja. Peter mwenyewe ni nyuzi zote, yaani fidla, viola, chelo na besi. Bunduki za wawindaji ni timpani na ngoma kubwa.

Kulikuwa na kazi nyingine za kuchagua. Camille Saint-Saëns alitunga vipande 14 vya wanyama mwaka 1886, vifupi na vitamu, lakini havina hadithi ya kumvuta mtoto kutoka kimoja kwenda kingine. Mwingereza Benjamin Britten naye ana kazi ya mwaka 1945 inayoonyesha vyombo vya okestra kundi baada ya kundi, lakini ile ni nzuri kwa mtoto ambaye tayari anataka kujua. Wangu walikuwa hawajaanza kutaka. Nilihitaji kisa chenye lango, mti, mnyama mkali na mtoto asiyesikia la mkuu.

Kuna jambo moja kuhusu utunzi huu nililokuwa nalijua tangu mwanzo lakini sikulitia maanani. Prokofiev aliletewa kwanza maneno ya kishairi, yenye vina. Akayakataa. Akakaa akaandika mwenyewe maneno machache, makavu, ya kawaida kabisa. Kwa nini mtunzi ayakatae mashairi matamu katika kazi ya watoto? Ningejiuliza swali hilo mapema, nisingepoteza Jumamosi mbili.

Jumamosi ya kwanza

Niliweka rekodi kama ilivyo, na msimulizi Mwingereza ndani yake, Kiingereza cha haraka na cha puani. Kabla ya kuwasha niliandika ubaoni majina matano: filimbi, obo, klarineti, fagoti, honi. Nikawaambia wasikilize kwa makini, kwamba mwisho nitauliza.

Spika ile ndogo haiwezi kutoa sauti nene. Fagoti ikawa kama nyuki ndani ya chupa. Honi za mbwa mwitu, ambazo ndizo moyo wa hofu yote, zikapita kama mtu anayejisafisha koo nyumba ya pili. Bati likaongeza mwangwi wake. Dakika ya nane mtoto mmoja akaomba kutoka nje. Dakika ya tisa wakaomba watatu. Waliobaki walibaki kwa adabu, na adabu ya mtoto anayesubiri kitu kiishe huonekana mgongoni kabla haijaonekana usoni.

Mwisho nikauliza obo ni nini. Kimya. Kisha msichana mmoja wa darasa la tatu akainua mkono akasema, "Obo ni Mzungu." Alikuwa anajitahidi kwa moyo wote. Nilikuwa nimewapa majina matano ya vitu ambavyo hawajavishika, hawajavinusa, hawajaviona vikitoka kwenye mfuko wake, halafu nikawasimulia kisa kwa lugha ya mtihani. Alifanya alichoweza kwa alichopewa.

Jumamosi ya pili

Yule aliyenipa wazo alikuwa mvulana wa miaka kumi hivi, mmoja wa waliorudi. "Mwalimu, si ututafsirie tu kama vijei?"

Asiyeishi Uganda huenda hamjui vijei. Ni yule mtu wa kwenye kibanda cha video anayekaa na kipaza sauti, filamu ya kigeni ikiendelea, naye anatafsiri palepale: anapandisha, anaongeza lake, anawapa wahusika majina ya mtaani, anamkemea jambazi kwa niaba ya ukumbi mzima. Ni ufundi mkubwa na una mashabiki wake. Watoto wetu wamelelewa na sauti hiyo. Kwao, hadithi kutoka mbali hufika mkononi mwa mtu anayeongea bila kupumua.

Nikaona sawa. Nikaazima spika kubwa kwa jirani anayekodisha vyombo vya harusi. Nikapiga rekodi ileile kwa sauti ya juu nami nikaongea juu yake, kwa Kiswahili, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Peter akawa kijana wa Oli. Lango likawa la mabati. Mbwa mwitu nikamgeuza fisi, nikijua mbwa mwitu wa Ulaya hayuko Uganda, na kwamba mtu akisema "mbwa mwitu" kwetu anamaanisha yule mnyama mwembamba mwenye madoa anayewinda kwa kundi, tofauti kabisa na yule wa Prokofiev.

Watoto walifurahi mno. Hakuna aliyeomba kutoka. Walicheka, walipiga makofi, walimzomea fisi. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeridhika.

Lakini kabla hawajatawanyika nilikuwa nimewauliza kitu kidogo: nani anaweza kuniimbia ndege? Hakuna. Bata? Hakuna. Babu? Mmoja akarudia maneno yangu kuhusu babu, neno kwa neno, na wenzake wakacheka tena. Jioni ile, nikiwa kitandani, ndipo lilipoanza kunichoma. Walikuwa wamenisikiliza mimi kwa dakika 25. Okestra ilikuwa kelele ya nyuma, kama jenereta ya jirani.

Na lile la fisi nalo. Honi tatu zinapoingia, muziki unakuwa mzito na wa giza, na kila kitu ndani yake kinamwambia msikilizaji akimbie. Watoto wangu waliangua kicheko. Nilidhani ni uchangamfu tu. Kumbe nilikuwa nimewaamuru wacheke. Katika hadithi zetu fisi ni mlafi, mpumbavu, anayefuata harufu mbili kwenye njia panda mpaka anapasuka. Tangu mtoto hajaota meno ya pili anajua fisi atashindwa na kwamba ni halali kumcheka. Nilipolitaja jina hilo nilimpa mtoto jibu ambalo linapingana na kila sauti iliyofuata. Neno na honi vilivutana, na neno likashinda, kwa sababu neno la kwao lina mizizi na honi zile ndiyo kwanza zinafika.

Mzee wa klarineti

Jumapili asubuhi alikuja mzee mmoja wa mtaa wa Tanganyika, jirani, mtu niliyezoea kumwamkia barabarani tu. Alikuwa amepuliza klarineti katika bendi ya jeshi miaka mingi iliyopita. Akasalimu, "Asalaam aleikum, mwalimu," akakaa, akanywa chai kwanza.

"Jana nilikaa barazani kwangu," akasema, "nikasikia klarineti. Nikajua hii si harusi. Nikasogeza kiti. Lakini kila ilipofungua mdomo, wewe ulimkatiza."

Sikuwa na la kujibu.

"Ukimkaribisha mgeni aje aseme na watoto, humzibi kinywa, mwanangu. Mtambulishe, kisha unyamaze."

Nikamweleza kuhusu lugha, kuhusu mtoto aliyesema obo ni Mzungu, kuhusu fisi. Alisikiliza yote. Kwa lugha alikubaliana nami kabisa: hadithi isemwe kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha hapa. Kwa fisi alitikisa kichwa. Akaniuliza kama nilipokuwa mdogo niliruhusiwa kumtaja nyoka usiku. Sikuruhusiwa. Tuliambiwa tuseme "kamba". Ukimtaja, amekuja.

"Basi," akasema. "Huyo wa msituni usimtaje. Wana honi tatu pale za kumtaja."

Nimelirudia neno hilo mara nyingi tangu siku ile, na naamini ndilo jibu la kisa chote. Sikuhitaji kumtafutia mnyama wa Urusi ndugu wa Kiafrika. Nilihitaji kuacha nafasi yake tupu katika maneno ili muziki uijaze. Hapo ndipo nilipomwelewa pia Prokofiev na mashairi yake aliyoyakataa. Maneno yakiwa na mwendo wake, vina vyake na utamu wake, yanakuwa muziki wa pili, na sikio la mtoto haliwezi kufuata miziki miwili.

Mzee alinikumbusha na jambo jingine ambalo mtu wa Arua hana haki ya kulisahau. Watoto hawa wameona agwara. Kwa asiyejua, hizo ni pembe ndefu za Waaluri, zinazopulizwa ubavuni. Kila mpulizaji ana sauti yake moja au mbili tu, na wimbo hutokea kwa kupokezana, huyu akiacha yule anadaka. Busoga wana ndugu zake, bigwala za vibuyu, ambazo mwaka 2012 UNESCO iliziweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Mtoto aliyesimama karibu na agwara anajua kwa tumbo lake kwamba pembe zikilia kwa pamoja kuna jambo kubwa linakuja. Na Buganda, kila ukoo una mubala wake, mapigo ya ngoma yanayosema maneno ya ukoo huo, na mwenye ukoo akiyasikia anajua ameitwa. Kwamba chombo kinaweza kuwa mtu, kwamba kinaweza kusema jina, watoto wa nchi hii hawahitaji kufundishwa na Moscow. Mimi nilikuwa nawafundisha wasichohitaji na kuwanyima walichohitaji.

Hajati

Kabla ya Jumamosi ya tatu mzazi mmoja, hajati anayeheshimika mtaani, alinisimamisha njiani. Aliuliza kwa upole, lakini aliuliza: muziki wa Wazungu una faida gani kwa mwanawe? Mwenzake alikuwa amesoma kwenye simu kwamba mtoto akisikiliza muziki huo ubongo wake unakuwa mkali.

Ingekuwa rahisi kuitikia. Mtoto angebaki. Lakini dai hilo chanzo chake ni utafiti mdogo wa mwaka 1993 uliofanywa Marekani kwa wanafunzi 36 wa chuo kikuu, watu wazima, waliosikiliza Mozart kwa dakika kumi na kufanya vizuri zaidi kwa muda mfupi katika maswali ya maumbo. Baada ya robo saa hivi tofauti ikawa imekwisha. Watoto hawakuhusika kabisa. Nikamwambia hivyo. Nikamwambia kwamba ninachoweza kumwahidi ni kidogo: mwanawe atajifunza kukaa kimya akasikiliza kitu kirefu bila kukitazama, na atajua kwamba duniani kuna vyombo ambavyo hajaviona. Alifikiri, akasema mtoto aje.

Mzazi mwingine alikuwa na sababu za dini kuhusu ala za muziki, akawaondoa watoto wake wawili. Nilimshukuru kwa kuniambia mwenyewe. Wanakuja siku za vitabu.

Jumamosi ya tatu

Nilifanya mabadiliko manne, na nitayaeleza bila kupanga kwa ukubwa, kwa sababu sijui lipi lilifanya kazi zaidi.

Nilikata rekodi. Maneno ya msimulizi mengi yako kwenye ukimya kati ya kipande na kipande, kwa hiyo kwa programu ya kawaida ya simu niliweza kuyatoa na kubaki na vipande vya muziki mtupu, vifupi na virefu, ambavyo naviwasha kimoja kimoja. Sasa mimi nikawa msimulizi, na kidole changu kwenye simu ndicho kikaamua ni wakati gani okestra ipewe zamu. Kanuni yangu ilikuwa moja: muziki ukilia, nanyamaza. Si kunong'ona, si kuonyesha kwa mkono. Nanyamaza.

Spika kubwa ilibaki, lakini nilimwomba jirani aipunguze besi. Vyombo vya harusi hutegwa ili ngoma itikise kifua. Filimbi inafia mle ndani. Tulipoteremsha besi kidogo, ndege akatokea, na honi bado zikawa na uzito wake.

Majina ya vyombo hayakuandikwa ubaoni. Badala yake Mzee alikuja na mdomo wa klarineti yake ya zamani, kile kipande cha juu tu, na ulimi wake wa tete uliofungwa kwa kibanio. Mwili wa klarineti ulishapotea zamani. Akawapitishia watoto wakashika. Halafu akafanya kitu ambacho sikukitarajia. Alichukua mrija wa soda, akaubana ncha kwa meno mpaka ukalala bapa, akaikata ncha hiyo pande mbili kwa mkasi ikawa kama mkuki, akaitia mdomoni, akapuliza. Ikalia kama bata. Chumba kizima kilisimama.

Ndani ya mrija ule kuna obo yote. Ndimi mbili nyembamba zinapigana, hewa ikitetemeka kati yake. Fagoti ya babu nayo ina ndimi mbili, ila bomba lake ni refu na limekunjwa, ndiyo maana anaongea chini. Zumari ya pwani, ya Lamu na Zanzibar, ni ya ukoo huohuo. Klarineti ina ulimi mmoja. Filimbi haina ulimi, ni hewa inayokata ukingo, kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa. Honi ni midomo ya mpulizaji mwenyewe inayotetemeka, sawasawa na agwara. Mzee alieleza hayo kwa sentensi chache kuliko nilizotumia hapa. Kila mtoto akapewa mrija. Kwa dakika kumi chumba kikawa bwawa la bata, na nikaacha kiwe, kwa sababu sasa obo ilikuwa kitu kilichowahi kukaa mdomoni mwao.

Badiliko la nne ni mlango wa hadithi. "Hadithi, hadithi!" Wakaitikia, "Hadithi njoo!" Ikanijia palepale kwamba hilo ndilo umbo lenyewe la kazi hii: mmoja anatoa, wengine wanapokea. Nikawaambia leo mpokeaji ni spika.

Nilisema: Peter alifungua lango akatoka kwenda uwandani. Nikanyamaza. Nyuzi zikaja na mwendo ule wa mtoto anayetembea huku anarukaruka. Nikasema: juu ya mti kulikuwa na rafiki yake. Nikanyamaza. Hakuna aliyeuliza rafiki gani. Filimbi ilishasema.

Kisha bata na ndege wanagombana. Mmoja anauliza, ndege gani wewe usiyejua kuruka? Mwingine anajibu, ndege gani wewe usiyejua kuogelea? Hapa ndipo lile la kugombana kwa Kiswahili liliporudi. Nilisema maneno hayo mawili tu, kwa Kiswahili cha sokoni, kwa mdundo wa mama wawili wanaogombea kivuli cha kuuzia nyanya. Kisha nikaacha filimbi na obo ziendelee. Watoto walikuwa wanageuza vichwa kutoka upande mmoja kwenda mwingine kana kwamba wahusika wako chumbani. Mmoja akasema polepole, "Bata ameshindwa." Sikumwambia hayo. Aliyasikia.

Paka alipoanza, wa miaka sita walishuka kwenye mabenchi na kutambaa. Fagoti ilipoingia msichana akasema, "Huyu ana fimbo." Ni yuleyule aliyesema obo ni Mzungu.

Babu akamrudisha Peter ndani, akafunga lango. Na hapo mvua ikaanguka. Mwenye kuishi chini ya bati anajua: mvua ya Arua ikija hakuna spika inayoishinda. Tukakaa robo saa bila kusikiana. Ilipopungua ilikuwa saa ya watoto kurudi nyumbani, na tulikuwa bado hatujafika msituni. Nilisononeka. Nilidhani nimewapoteza tena.

Jumamosi ya nne

Walikuja 29. Kati ya wale 15 wa mwanzo walikuwemo wanane. Nadhani mvua ilinisaidia kuliko nilivyojisaidia, kwa kuwa mtoto aliyeachwa na lango limefungwa anakaa nalo wiki nzima. Dakika 25 mfululizo ni nyingi kwa mtoto wa miaka sita anayesikiliza bila picha, na sasa ninaigawa kazi hii sehemu mbili kwa makusudi, nikikata palepale kwenye lango.

Tulianza kwa kukumbushana. Nikauliza nani ataniimbia ndege. Wakaimba wengi, kila mtu kwa namna yake, lakini ule mpando wa haraka na ule mteremko vilikuwemo. Bata waliimba kwa mirija. Wawili walikuwa wameitunza.

Kisha nikasema: "Babu hajafika hata mlangoni. Msituni akatoka..." Nikanyamaza. Nikawasha.

Honi tatu ziliingia. Hakuna aliyecheka. Mtoto mmoja alipandisha miguu yake juu ya benchi. Mwingine akamshika mkono dada yake. Mzee, aliyekaa nyuma, alifumba macho. Sikulitaja jina la mnyama siku ile yote, na hakuna aliyeniuliza anaitwaje. Baadaye, nje, niliwasikia wakimwita "yule wa poo-poo-poo", kwa sauti ya chini, na mmoja akamwambia mwenzake usimseme.

Bata anapomezwa nilijitayarisha kwa kilio. Hakikuwepo. Watoto waliolelewa kwenye hadithi za zimwi lililomeza kijiji kizima wanajua kwamba kumezwa si mwisho. Ndiyo maana mzozo ulikuja mahali pengine kabisa. Peter amemnasa mnyama mkia kwa kamba, wawindaji wamefika wanapiga bunduki, timpani zinanguruma, Peter anawaambia wasiue, na mvulana wa vijei akainuka: "Mbona hawampasui?" Wenzake wakamuunga mkono. Katika hadithi zetu zimwi hupasuliwa na waliomezwa hutoka wote, na ng'ombe wao na mbuzi wao. Kumwacha bata ndani ni uzembe wa wawindaji. Mwingine akasema mnyama apelekwe Entebbe, kwenye bustani ya wanyama, na huko daktari atampasua vizuri.

Nilifikiri kwa sekunde kadhaa kama nibadilishe mwisho. Ningeweza. Ni watoto wangu na ni lugha yangu. Sikubadilisha, na sababu yangu ni kwamba muziki usingebadilika pamoja nami. Ningesema bata ametoka, na obo ingekuja kusema hapana, yuko ndani. Tungekuwa tumerudi kwa fisi. Nikasema tu: "Sikilizeni sana mwisho."

Maandamano yakapita, kila mhusika na wimbo wake, babu akinung'unika nyuma. Halafu, karibu kabisa na mwisho, vyombo vinapotulia, obo inatokea peke yake, dhaifu, kutoka mbali. Mnyama alikuwa na haraka, akammeza mzima.

Upungufu ninaouona mpaka leo ni mwingi. Wa miaka 11 walichoka na mirija mapema na walistahili jambo la kwao. Mzee ananiambia niwape adungu, ala ya nyuzi ya kwetu, maana ziko za ukubwa tofauti, ndogo hadi kubwa ya besi, kama vile fidla na ndugu zake, nao watengeneze wahusika wao wenyewe. Hatujawahi kuwaonyesha obo halisi, na Prokofiev mwenyewe alitaka vyombo vionyeshwe kwa watoto kabla hadithi haijaanza. Picha kwenye simu haitoshi. Nimewaandikia watu wa bendi wawili kuomba hata klarineti moja nzima ije siku moja. Na wale saba ambao hawajarudi, watano najua wanapokaa. Nitakwenda kwa miguu.

Siku ile ya nne, walipokuwa wanatoka, yule msichana wa darasa la tatu alibaki mlangoni. Akaniuliza kama ninaweza kuweka tena pale mwisho, kwa sababu mwenzake aliyekaa karibu alikohoa na hakusikia vizuri kama bata bado anaongea. Nikarudisha nyuma dakika moja. Alisogea mpaka sikio lake likakaribia kugusa spika, akainua kidole ili tusiseme kitu.